Hatua Kumi za Sefako

Usiku wa Juni theluji ilifunika ua
na Sefako akaingia kwenye seng'enge bila kuiona.
Alfajiri tulimkuta amesimama kimya,
yeye, wa miaka miwili, asiyewahi kukaa kimya
tangu alipozaliwa chini ya mvua ya mawe
tukampa jina lake.
Mguu wa nyuma ulikuwa wazi mpaka kwenye kano,
nyeupe, kama uzi uliochomoka kwenye blanketi.

Mjomba Qhobela alichutama, akatazama, akainuka.
"Risasi ni rahisi kuliko bendeji."
Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu
aliyekwisha kufukia farasi wanne kwenye mlima huu.
Akaegemeza bunduki mlangoni, akaenda kunywa chai.
Mimi nikaifunika kwa magunia ya mtama,
na hakuna aliyeuliza iko wapi.

Daktari Moipone alipanda kutoka Semonkong kwa pikipiki,
matope mpaka kwenye kofia.
Alishona kilichoshoneka.
"Kilichobaki ni chako, Nthofeela:
maji ya chumvi, asali, bendeji,
na ukiona nyama inafura kupita ngozi, niite.
Baada ya wiki sita, hatua kumi.
Kesho yake kumi. Usinionyeshe ubingwa."

Wiki sita! Nani alimfundisha farasi kuhesabu wiki?
Alitafuna mlango. Alitafuna blanketi langu,
akala nusu ya mstari wa njano.
Aliniuma begani siku niliyokuwa nalia,
akaniuma tena siku niliyoacha.
Nilijifunza harufu: usaha una yake,
ngozi mpya ina yake, kama ngano mbichi.
Vidole vyangu vilipasuka kwa chumvi na baridi,
asali ile ile ikatutosha wawili.

Hatua kumi. Kutoka zizini hadi kwenye jiwe.
Kisha kumi na tano.
Kisha, Septemba, mipichi ilipochanua,
kundi lilipita juu ya bonde, likamwita,
naye akakata kamba.
Nilimsikia kabla ya kumwona:
tatu na kituo, tatu na kituo.
Jioni bendeji ilikuwa nyekundu.
Tukarudi kwenye kumi.
Usiku ule nilifunua magunia,
nikaitazama bunduki mpaka mshumaa ukaisha.
Hilo sijamwambia mtu.

Mtoni maji ya theluji yalimfika gotini.
Tulisimama humo mpaka mimi nisihisi miguu yangu
na yeye aanze kuhisi wake.
Mjomba alianza kuja, mikono nyuma, bila neno.
Siku moja akauinua ukwato ule mwenyewe,
akakwangua tope kwa kisu chake cha tumbaku,
akaushusha kama anayerudisha yai kwenye kiota.
"Atachechemea kila baridi ikija."
"Hata wewe, mjomba."

Novemba nilifungua kamba, kwenye nyasi.
Nilitarajia mbio. Nilikuwa nimeziota mbio hizo,
na vumbi lake, na watu wakishangilia.
Akatembea hatua kumi
(nilizihesabu, mazoea yana taabu),
akakunja magoti, akalala, akagaragara,
tumbo juani, majani mpaka masikioni,
kwato zikipiga hewa:
moja, mbili, tatu,
na ile.