Jangwa la Kunduchi

Jumapili tukaenda kuliona lile jangwa
la kwenye filamu: machimbo ya Kunduchi,
kuta nyeupe zenye alama za meno ya kijiko,
jua likigonga jiwe, jiwe likilirudisha.

"Hapa ndipo shujaa alipokufa kwa kiu,"
Havijawa akatuonyesha, nyundo mkononi,
vumbi la kokoto hadi kwenye kope.
"Alikufa mara saba.
Kila akifa nampelekea kandoro ya baridi."

Na wewe ulionekana?
Akacheka. Mkono tu,
mkono wa bibi wa jangwani, kufumba na kufumbua;
elfu kumi, na wali.

Nyuma ya ukuta mnazi ulichungulia.
Walishaufuta, alisema, bila panga.

Tukapiga picha zetu, macho tumeyafinya
kama waliotoka mbali.
Havijawa akasogea pembeni
asituharibie jangwa.