Herufi kwa Herufi

Miaka ishirini na sita, kila mechi ilipokwisha,
nilifunga daftari la alama, nikavua miwani,
nikapiga simu.
Verlyn Hagedorn alipokea kabla ya mlio wa pili,
mdomoni anatafuna kitu.
"Haya, nitajie walionyoa na walionyolewa."
Nami nikamtajia: robo ya kwanza, robo ya pili,
nani kadunga mitatu kutoka pembeni,
nani katolewa kwa makosa matano
akakaa benchini na taulo kichwani.
Na kila jina aliuliza: "Linaandikwaje?"
Hata Anderson. Hasa Anderson,
maana hapa Ostby kuna Anderson na kuna Andersen,
na hao hawazikani.

Alipokuja Pa Nhia Xiong, mwaka wa kwanza,
kimo cha mtoto, kutoka Saint Paul,
Verlyn aliniuliza mara tatu.
X, nikamwambia. Ile ya kwenye hesabu.
Kesho yake jina likatoka sawasawa, ukurasa wa nane,
chini ya tangazo la mbegu za mahindi,
na bibi yake, asiyejua Kiingereza,
akalikata kwa mkasi wa cherehani
akalibana kwenye friji kwa sumaku ya benki.
Alizijua herufi zile tu. Zilimtosha.

Gazeti halikufa siku moja.
Lilikonda. Ikatoweka Jumatatu, ikafuata Jumamosi,
kisha mpiga picha.
Mtambo wa kuchapia ulipopakiwa kwenye lori
tulisimama theluji magotini, tukitazama,
kama wafiwa wasioambiwa maiti inazikwa wapi.
Kampuni iliyolinunua ina jina kama la dawa ya mafua.
Verlyn walimpa keki, na boksi la kubebea vitu vyake.

Sasa chuo kinajiandikia chenyewe.
Kila ushindi ni mkubwa. Kushindwa hakuandikwi.
Verlyn aliandika tulipopigwa kwa alama hamsini.
Aliandika kocha Rasmussen alipomchezesha binti
mwenye goti bovu, akijua,
na nusu ya mji ukasusia gazeti wiki mbili,
mimi nikiwa mmoja wao.
Wiki ya tatu nililinunua. Kocha alikwishaondoka.

Usiku huu Pa Nhia, mwaka wake wa mwisho,
amefunga arobaini na moja.
Rekodi ilikuwa ya Marlys Tschetter, tangu themanini na tatu;
Marlys mwenyewe alikuwepo, akasimama akapiga makofi
huku popikoni zikimwagika mapajani.
Watu mia mbili na kumi. Nimewahesabu, hakuna mwingine wa kuwahesabu.
Nje baridi ya kupasua mabomba.
Kiti cha mwandishi, kushotoni kwangu,
kimewekwa koti la mtu.

Nimefunga daftari. Nimevua miwani.
Namba ni ileile, ila simu inalia
katika mji ambao sijaukanyaga,
na sauti isiyopumua inaniambia
nibonyeze moja kulipia gazeti,
mbili kwa matangazo ya vifo.
Nabonyeza mbili.
Baada ya mlio, namtaja Xiong, polepole:
X. I. O. N. G.
Arobaini na moja, nasema. Dhidi ya Waldorp, nyumbani.
Hajafa mtu.
Lakini andikeni.