Picha Iliyotikisika

Winnipeg, Januari. Baridi imelikaba koo la bomba,
na mashine namba saba, katika duka la kufulia la Bi Bouavanh,
inazungusha sare zangu za usiku.
Nimemletea picha. Mia nne na kumi na mbili,
nilizopiga siku kumi na tisa huko kwao, Laos,
kwa kamera niliyonunua kwa mtu aliyeachwa na mkewe
asitake tena kukumbuka chochote.

Nimezichambua. Nyingine nimezikuza, karatasi ya kung'aa:
watawa wa mavazi ya rangi ya boga, alfajiri, msururu;
hekalu lenye paa lililopinda ncha kama kucha;
jua likizama ndani ya Mekong, mara kumi na nane,
jua lile lile, mto ule ule, na mimi nabonyeza tu
kama mtoto aliyeonyeshwa kengele ya mlango.

Bi Bouavanh anajipangusa sabuni. Anatazama.
"Nzuri," anasema. Nyingine. "Nzuri."
Nzuri ya kumwambia mtu koti limemkaa
huku unamtafutia chenji.
Miaka arobaini na kitu hajaiona nchi hiyo.
Alivuka usiku, mtoto mgongoni,
mdomo wa mtoto umezibwa kwa kitambaa.
Hilo aliniambia mara moja tu, akikunja foronya,
kisha akaniuliza kama nina sarafu za kutosha.

Naongea ili kuziba kimya. Namsimulia
kile ambacho humu hakimo:
soko la Thakhek, mama mwenye meza ya bati
aliniwekea kikapu cha wali wa kunata na pilipili ya kutwanga,
akasimama kando aone mgeni atakavyoumbuka.
Nikanawa. Nikamega, nikafinyanga tonge,
nikalibonyeza shimo kwa dole gumba, nikachovya,
kama ugali, kama ugali wa kwetu Sengerema,
na soko zima likalipuka kana kwamba nimefunga bao.
Picha hiyo sina. Mkono ulijaa wali,
kamera ilikuwa mkobani, haina habari.

Hapo anacheka. Mara ya kwanza leo.
Anavuta bahasha ya pembeni, ya zile mbovu.
"Hizo siyo," nasema. "Hizo zimetikisika, ni za kutupa."
Hanisikii. Anafika kwenye moja
niliyoipiga dirishani mwa basi, bila kukusudia:
kidole changu kimekula robo ya anga,
mti umekuwa ufagio, ukuta umekuwa maziwa yaliyomwagika,
na kule chini, mtungi wa maji wenye mfuniko wa bati,
na ngazi inayoshuka kwenda pasipoonekana.

Anaisogeza kwenye taa. Anavua miwani, anaivaa tena.
"Hapa ni wapi?"
Sijui. Mahali fulani kusini ya Thakhek,
saa nne asubuhi, nilikuwa nasinzia.
Anahesabu kwa ukucha: moja, mbili,
ya tatu imemeguka upande.
Anatamka neno kwa lugha yake,
fupi, kama mlango uliofungwa na upepo.
Sithubutu kumwuliza kama ndiyo yenyewe.
Ngazi za mtoni ni nyingi, na zote humeguka.
Naye hasemi ndiyo. Anasema:
"Kwenye basi, ulikaa upande gani?"
Kulia.
Anaitikia kwa kichwa, polepole,
kama hakimu aliyepata shahidi wa mwisho.

Ameibandika kwa utepe ukutani,
juu ya bei ya kukausha, ikafunika tarakimu moja.
Kijana mmoja mwenye kapu la soksi anauliza ni nini kile.
"Nyumbani," anamjibu,
na kijana anaitazama, anainamisha shingo kushoto, kulia,
anarudi kwenye soksi zake.

Mashine namba saba imesimama.
Bei hakunipunguzia; zilinipungua senti hamsini
akanisubiri, kiganja wazi, nikipekua mifuko yote miwili.
Nje ni saa kumi na moja, giza tayari,
nami nateleza barafuni na nguo za moto kifuani
na majua kumi na nane chini ya kwapa.