Pishi Kisimani

Mwezi wa tano, kabla meli ya taji haijaonekana,
karani Makabe alipita nyumba kwa nyumba, Naha yote,
na orodha ndefu kama deni.
Ficheni sarafu za Satsuma. Ficheni kalenda zao, panga zao,
vibao vya maduka, nyimbo mlizojifunza kwao.
Hata ukipiga chafya, alisema, piga chafya ya hapa.

Wasatsuma wenyewe walishahamia Gusukuma,
nyuma ya kilima, na mitungi ya sake na mbwa wao,
wakae huko miezi mitano, kimya,
kama hawara uvunguni
mpaka mgeni wa Mchina aage.

Mimi Kamadu, mpimaji wa mpunga ghala la bandari,
nilikuwa na pishi yenye alama ya moto ubavuni:
msalaba ndani ya duara.
Iliizidi pishi yetu ya zamani
kwa kiganja.
Kiganja kimoja tu.
Haba na haba hujaza kibaba, mama aliniambia;
kibaba cha nani, hakuniambia.
Miaka thelathini nimekimwaga kiganja hicho
kwenye magunia yaendayo kaskazini,
na dada yangu Umitu, kule bondeni,
akiwalisha wanawe unga wa mtapo
aliouosha siku saba usije ukawaua.

Nikaitia pishi jiwe, nikaifunga kamba,
nikaizamisha kisimani.

Meli ikaja. Ngoma, bendera, watu mia nne wa kulishwa.
Mfalme wetu, tuliyemwona akimzika baba yake,
tuliyemlipia kodi miaka sita,
alipiga paji la uso chini mara tisa
ikasomwa karatasi,
akainuka, sasa ndiyo mfalme.
Tukashangilia. Mimi pia nilishangilia.
Joho lilikuwa zuri kwelikweli.

Mwezi wa saba, jua la kupasua vigae,
mzee mmoja mwandishi wa balozi, Bwana Weng,
alikuja kisimani kutaka maji, mwenyewe, bila mtumishi.
Ndoo yake ikanasa.
Akavuta, akavuta tena,
ikapanda pishi.

Aliipangusa kwa mkono wa kanzu yake ya hariri.
Akaigeuza. Alama ikamtazama.
Akauliza kitu; mkalimani akapauka midomo:
"Anasema, hiki ni nini?"
"Ndoo ya mtoto," nikasema.
Sina mtoto.

Alisoma ule msalaba muda mrefu,
kama mtu asomaye barua aliyokwisha kuipata.
Kisha akairudisha majini polepole isigonge ukuta,
akaifunga kamba upya,
fundo zuri kuliko langu.
Akanywa maji, akainamisha kichwa, akaondoka.

Usiku ule sikulala.
Basi wanajua.
Na wale wa kilimani wanajua kwamba hawa wanajua,
na ikulu yetu inajua yote hayo,
na bado mtoto wa jirani alichapwa jana
kwa kuhesabu moja mbili tatu kwa lugha isiyotakiwa.
Wakubwa wanastahiana, na pazia
tunalishika sisi, mikono juu, miezi mitano.
Kumbe hata uongo una pishi yake.

Meli ikaondoka. Makabe akarudi na orodha ileile,
sasa akiisoma kutoka chini kwenda juu.
Rudisheni panga. Rudisheni vibao.
Nikaivuta pishi yangu: nzito, imeota ukungu wa kijani,
mbao zimevimba kwa ndani.
Nikapima kwa ile ya zamani ya mama.
Zikalingana.
Nikapima tena. Kiganja kimekwenda na maji.

Makabe alisimama mlangoni, akaniangalia nikipima,
akaangalia gunia, akaangalia pishi.
"Imelowa," akasema.
"Imelowa," nikasema.
Akaandika alichoandika.

Naiweka kivulini, upande usiopata upepo.
Usiku, watu wakilala,
naimwagia maji kidogo.