Koki ya Uani

Saa nane usiku Somoe anapiga kutoka Mtwara, Chikongola:
"Bomba la jikoni limepasuka. Maji yamefika kwenye godoro la mtoto."
Mimi niko Mwanza, nimekaa ukingoni mwa kitanda,
miguu yangu mikavu.

"Funga koki kuu," nasema, kama mwenye nyumba.
"Iko wapi?"
Hatua tatu kutoka mlango wa uani,
chini ya jiwe la kunolea visu.
"Baba Asumini, hapa hakuna jiwe.
Kuna mchicha wangu."

Namwambia achimbe. Nasikia ndoo,
nasikia mtoto akicheka majini, hajui kuwa ni hasara,
nasikia kijiko kikigonga chuma.
"Naizungushia wapi, kulia au kushoto?"

Hapo nikanyamaza.
Mkono wangu ukafunga hewa, ukaifungua.
Aliyekuwa akiifunga ni marehemu mama.
Somoe hakunisubiri.

Kimya. Kisha tone. Kisha tone.

Asubuhi fundi Nampunju ananitumia picha:
kipande cha bomba kilicholiwa na kutu,
kimelazwa juu ya gazeti
kama samaki anayengoja bei.
Elfu sitini. Natuma. Anaongeza: "Na nauli."
Natuma na nauli,
ingawa kwake nakujua: nyumba ya pili kutoka pale.

Jioni, ujumbe wa Somoe:
"Godoro nimelianika. Kwenye kodi nitakata elfu ishirini.
Mchicha sikudai.
Jiwe lako tumelipata, lilikuwa limezama pembeni.
Niliweke wapi?"