Mabati Sita

Ijumaa, saa mbili asubuhi,
nimepanda basi dogo la Ghulam, kutoka Ghala kwenda ibadani Ruwi.
Simu imeisha chaji, ndipo nikabeba kile kitabu cheusi
nilichopewa siku ya kipaimara,
ambacho tangu nije Maskati kimelala chini ya godoro
kama mgonjwa asiyetembelewa.

Nakifungua tukipita Al Khuwair.
Noti inaniangukia mapajani.
Riali ishirini. Ile ile, yenye kona ya wino.

Ee Mungu wangu.

Miezi minne nimemwita Sabita mwizi.
Nilimwita kwa Kiarabu cha kuokoteza, msimamizi aelewe;
nikamwita kwa Kiswahili, moyo wangu ufaidi.
Akakatwa riali tano, tano, tano, tano,
akatupwa zamu ya usiku, kupiga deki damu za dharura,
na mimi nikakabidhiwa haki yangu kwenye bahasha.
Sikuila. Niliituma Mgange, kwenye ujenzi.
Mabati sita ya kanisa yanang'aa kule mlimani,
na jina langu lilisomwa mbele ya waumini:
Mkawasi, binti yetu aliye Uarabuni.
Mvua ikinyesha, inapiga juu ya jasho la Sabita.

"Ghulam, shusha."
"Kanisa bado, dada."
"Najua. Shusha."

Jua la Juni halina undugu.
Nilirudi kwa miguu, kutoka kivuli cha nguzo hadi kivuli cha nguzo,
kama avukaye mto kwa kukanyaga mawe.
Mzee mmoja wa Kiomani akasimamisha gari, akanipa chupa ya maji,
akauliza kwa Kiswahili cha Unguja,
"Wendapi, mwanangu, na jua hili?"
"Kulipa deni."
Akacheka. "Ijumaa? Benki zimefungwa."

Sabita alikuwa amelala, uso ukutani,
mikono inanuka dawa ya sakafu.
Nikakaa chini, nikangoja.
Huko Ruwi sasa wanaungama pamoja;
maneno yameandikwa, unajua pa kuitikia na pa kunyamaza.
Hapa hakuna kilichoandikwa.

Alipofumbua macho nilimwonyesha noti, nikamwonyesha kitabu.
Nilikuwa na hotuba. Ikayeyuka.
"Mimi mbaya," nikasema, kwa lugha yetu ya vipandevipande.
Aliitazama ile noti kwa muda mrefu.
"Msimamizi anajua?"
"Bado."
Akavuta shuka, akageukia ukuta tena.

Basi, Bwana, leo sadaka yangu haikufika kwako.
Iko hapa, pembeni mwa mto wake, haijapokelewa.
Kesho nitasimama mbele ya msimamizi na wasichana wote wa zamu,
nitaje jina linalostahili kutajwa.
Kwa sasa nachemsha dengu.
Yeye hupenda pilipili nyingi.
Mimi huniunguza koo.

Natia.