Mnato

Umeme ulirudi saa nne usiku, Isevya nzima ikapiga yowe,
nami nikaiwasha kompyuta ya shule niliyoazima kwa saini mbili.
Nikaiandikia akili mnemba: Nichoree mnato.
Si kitu chenye mnato. Mnato wenyewe.

Ikaniletea nyota.
Kila nikiitajia fizikia huniletea nyota,
zambarau na buluu, vumbi la mbingu za mbali,
kana kwamba huku chini ya mawingu hakuna fizikia.

Nikafuta. Nikaeleza upya, kama ninavyowaeleza Kidato cha Tatu
saa nane mchana, matumbo yakinguruma, chaki ikivunjika:
tabaka la juu linakimbia, la chini limeng'ang'ania,
na katikati kila moja linamvuta mwenzake shati.

Ikachora mashati.

Nilicheka hadi Mlekwa akageuka kitandani.
"Unaongea na nani?"
"Na mwanafunzi. Mzito kidogo."

Ndipo nikamkumbuka baba, msimu ule wa Sikonge,
katoka porini na ndoo, masizi ya moshi kwenye kope,
akiimimina asali ndani ya debe:
uzi mmoja mwekundu, wima,
uliokaribia kufika ukasita, ukajikunja,
ukajizungusha kama kamba inayotafuta pa kulala.
Hakulijua neno mnato. Alisema tu,
"Asali haiamrishwi."

Niliyaandika yote hayo. Hata masizi.
Mashine ikanyamaza muda wa kumenya karanga tatu,
ikaleta picha isiyo na debe, isiyo na baba:
duara juu ya duara, kahawia ikizama ndani ya dhahabu,
na pembeni mstari mmoja
ulioruka nje, ukakataa kujikunja.
Sijui ilikoutoa. Nilitaka kuufuta, umeme ukawahi kukatika.

Nikaichapisha karibu na stesheni, nyeusi na nyeupe,
maana ya rangi ni shilingi elfu moja.
Nikaibandika maabara, juu ya mizani iliyovunjika mkono.
Wakabishana: ni kisogo cha mtu, ni kisiki,
ni reli ikiota ndoto mbaya.
Kalunde, asiyeongea, akasogea,
akaweka kidole kwenye ule mstari.
"Hapa, Mwalimu, mkono ulishtuka."

Nikaketi juu ya kiti cha mwanafunzi.
Nyuki.
Alimuuma hapa, kwenye kifundo, asali ikamwagika mchangani,
nami nikacheka, na yeye akacheka.
Nilisahau kuandika nyuki.